Pointi 7, Dola Milioni 81: Thamani ya Mchezaji wa Kazi Chafu katika Kikapu cha Kulipwa

Mwezi Juni 2024 klabu mbili za NBA, Oklahoma City Thunder na Chicago Bulls, zilibadilishana wachezaji, mtu kwa mtu. Chicago ilimpata Josh Giddey, kijana wa miaka 21 aliyechaguliwa namba 6 kwenye drafti (uteuzi wa wachezaji wapya) ya mwaka 2021, mwenye pasi za kuvutia na miaka mingi mbele yake. Oklahoma City ilimpata Alex Caruso, mwenye miaka 30, ambaye drafti ya mwaka 2016 ilipita yote bila klabu hata moja kumtaja. Desemba 2024 Thunder wakampa Caruso mkataba mpya wa miaka minne wenye thamani ya dola milioni 81. Msimu huo alitokea benchi karibu kila mchezo, akaumaliza na wastani wa pointi 7.1.

Mashabiki wengi walichanganyikiwa. Mtu wa pointi 7 analipwaje zaidi ya dola milioni 20 kwa mwaka? Kisha Juni 2025 Thunder wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Indiana Pacers kwenye mchezo wa saba wa fainali, na upepo ukageuka. Waliokuwa wakibeza wakaanza kuhubiri kwamba kila timu itafute Caruso wake, kana kwamba taji hununuliwa kwa kukusanya watu wasio na makuu.

Kauli zote mbili zina kasoro, na kasoro hizo zinatokana na swali ambalo halijajibiwa sawasawa: mchezaji asiyejitanguliza, anayekaba, anayeweka skrini (kumzibia beki njia kwa mwili wake), anayempasia aliye huru na kukubali jina lake lisitajwe, yaani mtu wa kazi chafu, ana thamani gani hasa? Uchambuzi huu unaeleza chanzo cha mkanganyiko, unapitia misimamo minne inayoshindana, kisha unaipima.

Kinachoandikwa na kisichoandikwa

Kikapu ni mchezo wa watu watano na mpira mmoja. Katika dakika 48 za mchezo wa NBA, kila timu hupata karibu zamu 100 za kushambulia, na kila zamu humalizwa na mtu mmoja: anayetupa, anayepoteza mpira, au anayechezewa faulo akaenda kwenye mstari wa mitupo huru. Wenzake wanne nao wamefanya kazi ndani ya sekunde zisizozidi 24 za zamu hiyo. Mmoja ameweka skrini iliyomfungulia mtupaji njia. Mwingine amesimama kwenye kona, tayari kutupa, ili beki wake asithubutu kwenda kusaidia katikati. Lakini jina linaloandikwa ni la mmaliziaji.

Kwenye ulinzi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ulinzi bora ni ule unaofanya jambo lisitokee. Pasi ambayo haikupigwa kwa kuwa njia ilizibwa haina mahali pa kuandikwa. NBA ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyoporwa na bloku msimu wa 1973-74, ingawa ligi ilianzishwa mwaka 1946. Bill Russell, aliyeubadilisha ulinzi wa mchezo huu kuliko mtu yeyote wa zama zake, alistaafu mwaka 1969 akiwa na mataji 11 na bila bloku hata moja kwenye kumbukumbu rasmi. Kamera za kufuatilia mwendo wa kila mchezaji zilifika kwenye viwanja vyote vya ligi msimu wa 2013-14, na takwimu za bidii, kama mipira iliyookotwa sakafuni na skrini zilizozaa vikapu, zimeanza kuchapishwa katika muongo uliopita tu.

Tatizo hili linagusa hata ligi zetu. Karatasi rasmi ya mchezo ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ina nafasi ya pointi, faulo na taimu-auti. Haina nafasi ya ribaundi wala asisti. Ligi isiyo na watu wa takwimu pembeni ya uwanja hubaki na karatasi hiyo peke yake. Beki bora wa timu akifunga pointi 2 na kufanya faulo 4, kumbukumbu ya kazi yake ya usiku mzima itakuwa faulo zake.

Makocha walilijua pengo hili mapema. Red Auerbach wa Boston Celtics alimwanzisha benchi Frank Ramsey, na baadaye John Havlicek, ingawa wote wawili walikuwa na uwezo wa kuanza. Alitaka waingie na nguvu mpya wakati wapinzani wameanza kuchoka. NBA ikaja kuanzisha tuzo ya mchezaji bora wa sita, na wa kwanza kuipata, mwaka 1983, alikuwa Bobby Jones wa Philadelphia, mtu aliyesifika kwa ulinzi. Lakini waliokuja kuipata mara tatu kila mmoja ni Jamal Crawford na Lou Williams, ambao wote walisifika kwa kufunga. Hata tuzo iliyobuniwa kwa ajili ya watu wa benchi ilivutwa na pointi.

Msimamo wa kwanza: bila nyota hakuna taji

Kundi la kwanza linasema kikapu ni mchezo wa nyota, na hawa wengine ni wasindikizaji wanaopatikana popote. Hoja hii haijatoka hewani. Katika soka mchezaji mmoja ni sehemu moja ya kumi na moja. Katika kikapu ni moja ya tano, anashambulia na kukaba, na nyota hukaa uwanjani dakika 36 hivi kati ya 48. Ubingwa wa Thunder ulibebwa kwanza na Shai Gilgeous-Alexander, aliyefunga wastani wa pointi 32.7 na kutwaa tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora, ya msimu na ya fainali. Robert Horry ana mataji saba bila kuchaguliwa hata mara moja kwenye kikosi cha All-Star, lakini aliyapata akiwa na Hakeem Olajuwon mjini Houston, Shaquille O'Neal na Kobe Bryant mjini Los Angeles, kisha Tim Duncan mjini San Antonio. Ukiwaondoa hao, Horry anabaki na mataji mangapi?

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba historia iko upande wake. Udhaifu wake ni kwamba unamtazama aliyeshika mpira na kusahau hesabu ya dakika. Mchezo wa dakika 48 wenye watu watano kila upande una dakika 240 za kugawa kwa timu moja. Hata timu yenye nyota watatu wanaocheza dakika 36 kila mmoja imetumia 108 tu. Dakika 132, zaidi ya nusu, ni za watu wengine. Ukisema hao wanapatikana popote, umesema zaidi ya nusu ya mchezo haina uzito.

Mwaka 2004, kwa mfano, Detroit Pistons waliifunga Los Angeles Lakers 4-1 kwenye fainali, ilhali Lakers walikuwa na O'Neal, Bryant, Karl Malone na Gary Payton. Mhimili wa Detroit alikuwa Ben Wallace, mtu ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti, aliyemaliza maisha yake ya NBA na wastani wa pointi 5.7, tuzo nne za beki bora na nafasi kwenye Jumba la Heshima. Mfano wa pili ni wa Lakers hao hao. Mwaka 2021 walimwacha Caruso aende Chicago kwa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 37, wakamleta Russell Westbrook aungane na LeBron James na Anthony Davis. Msimu uliofuata walishinda michezo 33 kati ya 82 na kukosa hatua ya mtoano. Majeraha yalichangia, na si haki kudai kuondoka kwa mtu mmoja ndiko kulikoiangusha timu. Lakini majina makubwa matatu yalionyesha kwamba majina pekee hayatoshi.

Msimamo wa pili: tazama tofauti, usitazame pointi

Kundi la pili ni la wanatakwimu. Kwao swali la mtu amefunga ngapi si la msingi. Wanauliza timu imefunga ngapi na imefungwa ngapi yeye akiwa uwanjani, na imekuwaje alipotoka. Mfano wao mkuu ni Shane Battier. Mwaka 2009 mwandishi Michael Lewis alimwandikia makala ndefu kwenye jarida la New York Times, akionyesha jinsi Houston Rockets chini ya meneja Daryl Morey walivyoona kitu ambacho karatasi ya takwimu haikukionyesha: Battier akiingia, wenzake wanakuwa bora na wapinzani wanadhoofika.

Namna alivyofanya inastahili kuangaliwa kwa karibu. Battier hakujidanganya kwamba anaweza kumzuia Kobe Bryant asitupe. Alimsogeza. Kabla ya mchezo alisoma taarifa za klabu kuhusu maeneo ambayo Kobe hutupa kwa mafanikio madogo, kisha usiku mzima akamsukuma kuelekea huko, akamkatia njia ya kwenda kwenye kikapu, na akajichunga asimpe mitupo huru. Mpira ulipokaribia kuondoka, hakuruka kutafuta bloku ya kupigiwa makofi. Alinyoosha kiganja mbele ya macho ya mtupaji. Kobe angeweza kufikisha pointi 30 na watazamaji wakasema Battier ameshindwa, lakini kama pointi hizo zimegharimu mitupo mingi kuliko kawaida, Houston imefaidika.

Kuna jingine. Manu Ginobili wa San Antonio alikuwa akitokea benchi, kwa hiyo dakika zake hazikulingana na za Battier aliyekuwa kikosi cha kwanza. Battier alimwendea kocha Rick Adelman akaomba aanzie benchi ili awe anaingia Ginobili anapoingia. Katika kazi ambayo kuanza mchezo ni heshima na heshima huleta mkataba, ombi hilo lilikuwa na gharama.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unapima kile ambacho timu inakitafuta, yaani kushinda. Udhaifu wake uko sehemu tatu. Kwanza, mtu hubeba sifa na lawama za wenzake: anayecheza kila mara pamoja na MVP ataonekana mzuri hata akisimama tu. Wanatakwimu husahihisha kwa kuzingatia kila mtu aliyekuwa uwanjani, lakini wachezaji wawili wasiotengana ni vigumu kuwagawia sifa. Pili, mchezo mmoja au kumi haitoshi, maana mpinzani akikosa mitupo mitano ya wazi kwa bahati mbaya, beki atasifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya. Tatu, namba hiyo inasema kitu kimetokea bila kusema kwa nini, na kocha hawezi kufundisha asichoweza kukieleza.

Rockets wenyewe ni ushahidi wa pande zote mbili. Msimu wa 2007-08 walishinda michezo 22 mfululizo, na ushindi uliendelea hata baada ya Yao Ming kuumia katikati ya mbio hizo. Timu yenye nidhamu ya ulinzi ilisimama bila nguzo yake. Lakini kwenye mtoano walitolewa raundi ya kwanza na Utah Jazz, 4-2. Kazi chafu iliwafikisha mbali, kisha wakakosa mtu wa kufunga ulinzi ulipowabana.

Msimamo wa tatu: kocha anaona, chumba kinajua

Kundi la tatu ni la makocha na wachezaji wa zamani. Wanasema thamani ya mtu huyu haiko kwenye namba zozote. Iko kwenye mfano anaoutoa. Mwaka 2014 Andre Iguodala alikuwa hajawahi kutokea benchi tangu aingie NBA. Kocha mpya wa Golden State Warriors, Steve Kerr, alimwomba ampishe kijana Harrison Barnes. Akakubali. Mtu mwenye jina kama lake akikubali, nani mwingine kwenye chumba cha kubadilishia nguo atanung'unika kuhusu dakika zake?

Malipo yalikuja Juni 2015. Warriors wakiwa nyuma 2-1 dhidi ya Cleveland, Kerr alimwanzisha Iguodala kwenye mchezo wa nne badala ya Andrew Bogut, wakashinda mitatu mfululizo. LeBron James alifunga wastani wa karibu pointi 36 katika fainali hizo, lakini aliingiza chini ya asilimia 40 ya mitupo yake, na aliyekuwa mbele yake mara nyingi ni Iguodala. Kura 7 kati ya 11 za mchezaji bora wa fainali zilimwendea yeye, mtu ambaye hakuanza mchezo hata mmoja wa msimu wa kawaida.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unakumbuka wachezaji ni watu, na watu huiga. Udhaifu wake ni kwamba hauna kipimo, na kitu kisicho na kipimo ni rahisi kukitia chumvi. Udonis Haslem aliitumikia Miami Heat misimu 20 na kupata mataji matatu. Msimu wa 2020-21 aliingia uwanjani katika mchezo mmoja tu. Miami waliamini sauti yake ilistahili nafasi moja kati ya 15 za kikosi, na huenda walikuwa sahihi, lakini nafasi hiyo ilikuwa na bei yake: kijana mmoja hakuipata. Klabu zisizo na nidhamu ya Miami hutumia maneno hayo hayo ya uongozi kumtetea mchezaji ambaye uwezo wake umekwisha.

Msimamo wa nne: soko halidanganyi

Kundi la nne linasema ubishi wote huu unamalizwa na mkataba. Klabu zina wachambuzi, kamera na fedha zao wenyewe. Zikilipa dola milioni 20 kwa mwaka, ndiyo thamani. Wana hoja, hasa sasa. Kanuni za mishahara zilizoanza mwaka 2023 zinazibana timu zinazovuka viwango fulani vya matumizi hadi kuzinyima njia kadhaa za kusajili. Msimu wa 2025-26 kikomo cha mishahara kiliwekwa karibu dola milioni 155, na nyota wa daraja la juu anaweza kuchukua hadi asilimia 35 yake peke yake. Timu yenye nyota wawili wa aina hiyo lazima ijaze nafasi nyingine kwa watu wanaotoa zaidi ya wanacholipwa.

Lakini soko nalo huteleza, na kisa cha Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ni lugha yake ya kila siku, kinaonyesha namna gani. Mei 2016 Biyombo alikuwa akichezea Toronto Raptors akiziba pengo la Jonas Valanciunas aliyeumia. Kwenye mchezo wa tatu wa fainali ya Kanda ya Mashariki dhidi ya Cleveland alifunga pointi 7 tu, lakini alichukua ribaundi 26 na kupiga bloku 4, na Toronto wakashinda 99-84. Msimu huo huo wa usajili kikomo cha mishahara kilipanda kutoka dola milioni 70 hadi milioni 94 kwa sababu ya fedha mpya za televisheni. Orlando Magic wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72.

Orlando tayari walikuwa na Nikola Vucevic, na kiangazi hicho walimleta pia Serge Ibaka. Warefu wakabanana kwenye nafasi moja. Kule Toronto, Biyombo alikuwa amezungukwa na Kyle Lowry na DeMar DeRozan, wachezaji waliovuta macho ya wapinzani na kumwachia yeye kazi aliyoiweza. Orlando haikuwa na watu hao, ikashinda michezo 29 msimu wa kwanza, na mwaka 2018 ikamrudisha Charlotte alikoanzia. Moyo wake haukupungua. Kilichobadilika ni mazingira. Soko lilimlipa mtu kwa kazi iliyowezekana kwa sababu ya wenzake, likamnunua bila wenzake hao.

Kutojitanguliza kunapogeuka mzigo

Misimamo yote minne hupita juu juu kwenye hatari moja: si kila anayekataa kutupa ni mkarimu, na si kila bidii inaisaidia timu.

Tony Allen wa Memphis Grizzlies alikuwa miongoni mwa mabeki wakali wa kizazi chake. Mwaka 2015 Memphis walikuwa wakiongoza 2-1 dhidi ya Golden State kwenye nusu fainali ya Kanda ya Magharibi. Kerr akamwambia Bogut, senta wake mrefu, amkabe Allen kwa kutomkaba: asimame karibu na kikapu na kumwacha Allen huru kwenye mstari wa pointi tatu. Allen hakuwa mtupaji wa mbali. Kila alipopokea mpira akiwa peke yake, Warriors walikuwa wameongeza beki mmoja kwenye eneo la chini ya kikapu. Kocha wa Memphis akalazimika kumpunguzia dakika, na Warriors wakashinda 4-2. Ulinzi wake ulikuwa pale pale, ila haukuweza kukaa uwanjani.

Ben Simmons wa Philadelphia ni mfano wa upande wa pili. Juni 2021, kwenye mchezo wa saba dhidi ya Atlanta Hawks, dakika za mwisho, alifika chini ya kikapu akiwa na nafasi ya kudanki. Akapasia. Kwenye karatasi pasi ni tendo la kumfikiria mwenzako. Pale ilikuwa kukwepa wajibu, na Philadelphia walifungwa 103-96. Asiyejitanguliza kweli anampasia aliye katika nafasi bora. Kama aliye katika nafasi bora ni yeye, anatupa. Battier alilielewa hili: kwenye mchezo wa saba wa fainali za mwaka 2013, akiwa Miami, San Antonio walipomwachia nafasi, alitupa pointi tatu mara nane na kuingiza sita, na Miami wakawa mabingwa.

Mizani

Tukiyaweka yote pamoja, thamani ya mchezaji huyu ni ya kweli, lakini ni ya kutegemea. Nyota anaweza kuipa timu mbovu pointi 30. Mtu wa kazi chafu hufanya kazi kupitia wengine, na pasipo wengine wa kufaa kazi yake haionekani wala haizai. Kwa hiyo mchezaji wa aina hii apimwe kwa maswali matatu kwa pamoja. Wenzake wanakuwaje akiwepo? Mpinzani akimwacha huru, ataadhibiwa? Timu aliyomo ina watu wa kuigeuza kazi yake kuwa ushindi?

Caruso anapita yote matatu, na ushahidi ulio wazi kuliko wote ni wa tarehe 18 Mei 2025, mchezo wa saba dhidi ya Denver Nuggets. Denver wanamtegemea Nikola Jokic, MVP mara tatu, mwenye urefu wa mita 2.11 na mwili mzito kuliko karibu kila anayekutana naye. Caruso ana mita 1.96. Kocha wa Thunder, Mark Daigneault, akampanga amkabe Jokic. Caruso hakukaa nyuma ya Jokic kusukumana naye, vita ambavyo angeshindwa. Alisimama mbele yake, kati yake na mpira, mkono mmoja juu, akihama naye kila hatua ili pasi ya chini isipite. Denver wakitaka kumfikishia mpira walilazimika kuurusha juu, na nyuma alikuwa akisubiri Chet Holmgren, mwenzake Caruso, kwa mikono mirefu. Jokic, ambaye msimu huo alikuwa na wastani wa karibu pointi 30, alimaliza na pointi 20 kwa mitupo 9 tu. Thunder walishinda 125-93. Ulinzi ule usingewezekana bila Holmgren nyuma, wala Holmgren asingekuwa huru kusaidia bila Caruso mbele. Kisha kwenye fainali, Indiana walipoamini wanaweza kumwachia nafasi, Caruso alifunga pointi 20 kwenye mchezo wa pili na 20 nyingine kwenye wa nne.

Kipimo hicho hicho kinaitendea haki Chicago. Giddey alipokuwa Oklahoma City, mpira ulikuwa wa Gilgeous-Alexander, na Giddey bila mpira aliachwa huru na Dallas kwenye mtoano wa 2024 hadi akaondolewa kikosi cha kwanza. Chicago, alikopewa mpira, alifikisha wastani wa pointi 14.6, ribaundi 8.1 na asisti 7.2. Klabu zote mbili zilipata mtu anayezifaa. Aliyeuliza nani kati yao ni bora aliuliza swali pungufu. Lililotakiwa ni bora wapi, na pamoja na nani.

Kuhusu bei, dola milioni 20 kwa mwaka ni chini ya nusu ya anacholipwa nyota wa daraja la juu. Kwa timu yenye MVP tayari na inayowania taji, hiyo ni bei halali. Kwa timu iliyo mkiani bila mfungaji, bei hiyo hiyo ni kosa la Orlando kurudiwa.

Kuna upande wa haki pia. Kijana anayekubali kukaba na kuweka skrini kabla ya kupata mkataba wake mkubwa wa kwanza anajinyima pointi, na pointi ndizo mawakala na klabu nyingi huzisoma kwanza. Klabu inayosifu kujitolea kwenye hotuba na kulipa pointi kwenye mkataba inawafundisha wachezaji wake ubinafsi, kisha inalalamika wakiufuata. Ubinafsi mwingi unaolaumiwa kwenye kikapu cha kulipwa una chanzo chake kwenye malipo kabla ya kuwa kasoro ya tabia.

Muhtasari

Wanaosema nyota ndiye kila kitu wako sahihi kuhusu anayeanza kujenga timu, wamekosea kuhusu zaidi ya nusu ya dakika za mchezo. Wanatakwimu wameleta kipimo bora kuliko pointi, mradi kisomwe kwa michezo mingi na kwa kuangalia mtu alicheza na nani. Makocha wanaona tabia ambayo kamera haioni, lakini jicho bila kipimo huishia kwenye upendeleo. Soko ni ushahidi, si hukumu.

Hukumu yenyewe ni hii: mchezaji asiyejitanguliza anastahili kulipwa vizuri na kusifiwa kwa jina, akiwa na ujuzi wa kutosha ili mpinzani asithubutu kumdharau, na akiwekwa kando ya watu anaoweza kuwainua. Atafutwe baada ya nyota kupatikana, wala asinunuliwe badala ya nyota.

Kwa makocha na viongozi wa ligi zetu, hatua ya kwanza haihitaji kamera wala fedha za NBA. Mpeni mtu mmoja daftari pembeni ya uwanja, aandike skrini zilizozaa kikapu, mipira iliyoguswa ikapotea kwa wapinzani, na matokeo ya timu kila mchezaji anapoingia na kutoka. Baada ya msimu mmoja mtakuwa na ushahidi wa nani anawashindia michezo, na mtaweza kumlipa kwa kazi hiyo.